Mwaka Niliosikiliza Salamu za Baba

Mwezi wa kumi na mbili simu yangu iliniletea matokeo, utadhani nilikuwa nimefanya mtihani bila kujua. Ile aplikesheni ya muziki ndivyo ilivyo. Mwaka ukikaribia kuisha inakuambia umesikiliza nini, umerudia wimbo gani, na kwa hiyo wewe ni mtu wa aina gani. Wenzangu kazini walikuwa wameshabandika ya kwao kwenye stetasi tangu asubuhi. Mmoja yeye ni singeli tupu, mwingine nyimbo za injili mwanzo mwisho, ingawa kanisani simwoni. Nami nikafungua yangu kwa hamu, nikijua nitakuta zile nyimbo zangu za mapenzi, za taratibu, za kumfanya mtu mzima ajifute macho akijidai ni vumbi.

Nikakuta wimbo mmoja. Yaani mwaka mzima, namba moja, tena kwa mbali sana, ni wimbo wa dansi uliorekodiwa kabla sijazaliwa, ambamo mwanamume analalamika kwamba mkewe kaenda kwao kusalimia na hajarudi. Simu ikanipongeza. Ikasema mimi ni miongoni mwa wapenzi wakubwa wa bendi ile, ikaniwekea na rangi za kumetameta. Sijawahi kuupenda wimbo ule hata siku moja. Ukipigwa mahali sasa hivi, nahama.

Naomba nieleze, maana nikikaa kimya watu watadhani ndivyo nilivyo.

Baba yangu ni mtuma salamu. Simsemi mtu anayetuma siku ya sikukuu akashukuru. Baba anatuma kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, kwa sababu Jumapili kipindi hakipo. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na mashine zile zilimwachia vitu viwili: kiinua mgongo kilichomalizia nyumba yetu ya Mkolani, na masikio yanayotaka redio ifunguliwe mpaka mwisho. Saa nne asubuhi kuna kipindi cha salamu kwenye redio moja ya hapa mjini. Unatuma meseji, unataja unaowasalimu, unaomba wimbo, unafunga na ujumbe wako kwa wote. Mtangazaji anasoma. Zamani zilikuwa kadi za kununua dukani, na baba bado anazo, amezifunga kwa raba chini ya kitanda.

Macho yake yana mtoto wa jicho. Amepewa tarehe ya kufanyiwa upasuaji mara tatu, na mara zote tatu ameamka siku hiyo akisema anajisikia vizuri. Kwa hiyo hawezi kuandika meseji. Kwa miaka mingi mama ndiye aliyemwandikia. Mama alipofariki, mwezi wa kumi wa mwaka uliotangulia, nikarudi kuishi na baba, na kazi ile ikaniangukia mimi bila kikao.

Unaweza kusema meseji moja kwa siku si kazi. Njoo uifanye. Kwanza, baba hataki itoke kwenye simu yangu. Anasema namba yake inajulikana pale redioni, mtangazaji akiiona tu anajua mzee wa Mkolani ameamka salama. Kwa hiyo lazima niandike kwenye kitochi chake, ile simu ndogo ambayo herufi tatu zinakaa kwenye kitufe kimoja, na kitufe chenyewe kimefutika. Pili, anaamuru akiwa anakunywa chai saa kumi na mbili na nusu, wakati mimi napiga pasi, na saa moja natakiwa niwe njiani kwenda Nyegezi.

"Andika, fundi baiskeli wa njia panda."

"Nimeandika, baba."

"Umeweka na familia yake?"

"Nimeweka."

"Nisomee."

Namsomea. Ananisahihisha. Shemeji wa Geita asitangulie mbele ya mjomba wa Magu, mjomba ni mkubwa. Mama anayetuletea viazi vitamu asiitwe muuza viazi, aitwe mama mlezi. Wazee waliobaki wa kiwandani wasalimiwe kwa pamoja, lakini yule mmoja aliyekuwa msimamizi asalimiwe peke yake, mwishoni, ili ajue kwamba alifikiriwa mwisho. Kisha ombi la wimbo, ambalo ni lile lile tangu dunia iumbwe. Kisha ujumbe kwa wasikilizaji, na huo ndio anaubadilisha kila siku. Atakaa na kikombe mkononi, macho juu, mimi pasi inaunguza blauzi, mpaka aseme kitu kama, "Waambie watu wasilaze baiskeli barabarani."

Basi ningetuma nikaondoka, yakaisha. Hayaishi. Nafanya kazi kwenye stesheneri karibu na chuo, tunachapa na kubaindi kazi za wanafunzi, na tunauza na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Saa nne ni saa ya moto. Mwanafunzi kasimama mbele yangu, utafiti wake umechapwa kurasa zimepinduka, analia kwamba msimamizi wake anaondoka mchana, na mimi nina hedifoni sikio la kushoto nasikiliza salamu. Maana nisiposikiliza, baba akipiga simu nitamjibu nini? Na atapiga.

"Umesikia alivyomruka mjomba?"

"Nimesikia, baba."

"Kwa nini amemruka?"

"Labda muda, baba."

"Muda wa kucheka anao."

Halafu wimbo. Redio haipigi wimbo mzima, haijawahi. Mtangazaji anauachia mpaka yule mwanamume amalize kulalamika, na pale magitaa yanapoanza kuchangamka, anaukata aingize tangazo la sabuni. Kila siku. Na kila siku baba anashtuka upya, kama mtu aliyemwagiwa maji. Jioni nikirudi, kabla sijavua viatu, ananiambia, "Hebu weka ule wimbo, tuumalize." Nauweka kwenye simu yangu, kwa bando langu, mpaka mwisho kabisa, na wakati mwingine mara mbili kwa sababu jirani alipita akasalimia magitaa yalipofika patamu. Sasa umeelewa ile namba moja imetoka wapi. Nyimbo zangu nilizisikiliza nikiwa bafuni.

Ningeweza kumkatalia. Dada zangu wawili walio mbali wananiambia hivyo kila wakipiga simu, eti nimwekee mipaka. Ni rahisi kuweka mipaka ukiwa Dodoma. Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza na kuandika, na sababu hiyo ilikuwa kaka yangu.

Kaka ndiye wa kwanza kwetu. Ni fundi wa injini za boti kwenye kisiwa kimoja kidogo, mbele ya Ukerewe, ambako mtandao wa simu unakuja ukijisikia. Kwa miaka yote aliyokaa kule, salamu za baba zilikuwa ndiyo simu yao. Asubuhi saa nne kaka alikuwa anazima injini yoyote anayoitengeneza, anakaa juu ya ndoo na redio yake. Baba alimtaja kila siku, mtu wa kwanza kwenye orodha: mwanangu mkubwa aliyeko visiwani. Akishasikia, anajua nyumbani hakuna neno. Akiwa na lake la kusema, anatuma salamu za kujibu, na baba anazipata redioni kama kila mtu. Nilikuwa nikiwacheka. Nilikuwa nawaambia, nyie watu, simu ziliumbwa kwa ajili ya nani?

Mama alipofariki, simu ya kaka haikupatikana. Tulipiga mpaka vidole vikauma. Baba akasema msihangaike, peleka tangazo redioni, atasikia. Tangazo likasomwa asubuhi, mchana na jioni, siku mbili, na jina lake likatajwa kwamba habari zimfikie popote alipo. Baba aliahirisha mazishi siku nzima akimsubiri. Aliketi pale kwenye turubai anatazama barabara, kwa macho yale yasiyoona vizuri, kila mwanamume mrefu akipita anauliza, "Huyo ni yeye?" Tukazika bila yeye.

Kaka alifika siku ya nne, watu wanakunja turubai. Habari alizipata kwa mfanyabiashara wa dagaa. Baba akamuuliza swali moja tu mbele ya wazee wa ukoo: siku zile mbili, masikio yako yalikuwa wapi? Na kaka, ambaye angeweza kusema redio ilikufa, angeweza kusema betri, angeweza kusema lolote na mzee akalishika maana alitaka kulishika, akasema ukweli. Akasema, "Baba, nilikuwa nasikiliza nyimbo zangu."

Baba akainuka, akaingia ndani. Kesho yake alfajiri kaka akapanda meli, na hakurudi.

Sasa sikiliza kilichonikaba mimi. Hizo nyimbo zake, ni mimi niliyempa. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuja mjini kununua vipuri, akapita stesheneri, akalalamika kwamba redio kule inakwaruza. Nikamwekea memori kadi. Nikamjazia kila kitu alichokuwa anapenda tangu ujana wetu, kazi ya saa nzima, bure, nikamwambia sasa huhitaji kumsikiliza mzee akisalimia mafundi baiskeli. Tukacheka sana. Hilo sikumwambia baba. Nilikaa nalo mwaka mzima, na kila asubuhi nilipominya vile vitufe nilijiona natumikia kifungo ambacho hakuna aliyenihukumu.

Baba ana sheria moja kwenye salamu: marehemu hasalimiwi redioni, marehemu anaombewa. Mtu akifa, siku hiyo hiyo ananiambia, "Futa." Asubuhi ya kwanza niliyomwandikia, nikiwa bado na uvimbe wa kilio, aliamuru orodha yote na nikaona jina la kwanza halipo. Nikamuuliza, "Na kaka je?" Akasema, "Futa." Neno lile lile. Nikafuta.

Kaka naye, huko aliko, akaanza tena kusikiliza. Hajakosa hata siku moja, aliniambia mwenyewe, na ile kadi kaitupa. Nikimpigia, mtandao ukikubali, namsihi aje. Mzee anazeeka, nasema. Macho yanaisha. Njoo akuone angalau ukiwa na sura. Jibu lake halikubadilika: "Siku mzee akinitaja, nitakuja. Asiponitaja, nikija nitakuwa namlazimisha."

Namgeukia baba. "Baba, tumweke kaka leo?"

"Nani?"

Mungu wangu. Watu wawili wazima, mmoja na redio yake Mkolani, mwingine na yake kisiwani, kila siku saa nne wanasikiliza kitu kimoja, huyu anasubiri jina litajwe, na huyu anahakikisha halitajwi. Na mimi katikati, mwandishi. Kuna asubuhi nilitaka kuliingiza lile jina kwa siri, nikasema liwalo na liwe. Lakini baba anasikia kila koma. Angejua ni mimi, angeacha hata salamu zenyewe, halafu angekaa kutwa nzima na nini? Nikawa naandika, natuma, nanung'unika mpaka Nyegezi.

Asubuhi moja mwezi wa kumi na moja, mvua inanyesha, nimechelewa, kitochi kikagoma. Kikaandika kwamba nafasi ya meseji imejaa. Mimi huwa sianzi upya kila siku, huwa naichukua ya jana, nabadilisha ule ujumbe wa mwisho, naituma tena. Basi nikaanza kufuta. Nikafuta meseji za mtandao wa simu, za bahati nasibu, nikafuta na zilizotumwa, harakaharaka, kidole kinaenda chenyewe, mpaka simu ikatulia. Ikabaki moja kwenye zilizotumwa. Nikaona imeanza na "Mzee wa Mkolani anawasalimu," nikajua ndiyo ya jana. Baba siku hiyo alikuwa amesema ujumbe ubaki kama ulivyo. Nikatuma bila kusoma, nikachukua mwavuli, nikatoka.

Saa nne nilikuwa nabaindi. Hedifoni sikioni, nasikiliza nusunusu kama kawaida yangu. Mtangazaji akasema sasa twende Mkolani kwa mzee wetu. Akasoma, "Mzee wa Mkolani anawasalimu, kwanza mwanawe mkubwa aliyeko visiwani, mwambieni aje na mboga." Mkono wangu ukasimama juu ya mashine. Nikajiambia baba kampigia mtangazaji mwenyewe. Nikataka hata kufurahi. Mtangazaji akaendelea, mjomba, shemeji, fundi baiskeli, na mwishoni akacheka kidogo, akasoma, "Bila kumsahau mke wangu mpenzi, ambaye ndiye anaandika ujumbe huu, na hajanywa chai mpaka sasa."

Hayo yalikuwa maneno ya mama. Baba hakuwahi kumwamuru aandike hivyo. Mama alikuwa anajiongeza mwenyewe mwishoni, kila siku kwa namna yake, na baba alijua saa nne pamoja na Mwanza nzima. Alikuwa akinung'unika siku nzima, na siku mama asipojiongeza alikuwa akiuliza kulikoni.

Sikumbuki nilimwambia nini mwenye duka. Nakumbuka nilikuwa kwenye bodaboda, mvua inanipiga usoni, na simu yangu haiiti. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Baba hakupiga.

Nilimkuta kibarazani kwenye benchi, redio imezimwa. Sijawahi kuiona redio ile imezimwa saa nne na nusu. Nilipiga magoti pale pale kwenye maji.

"Baba, nisamehe. Simu ilijaa, nilikuwa nafuta, nikatuma ya zamani. Sikusoma."

"Iko wapi?"

"Nini, baba?"

"Hiyo meseji. Bado ipo?"

Kitochi kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Nikakichukua, nikaikuta. Ndiyo peke yake iliyobaki. Nyingine zote za mama nilizifuta asubuhi ile kwa kidole changu, za miaka, bila hata kujua zipo. Nilimwambia na hilo. Nikaona kwa kuwa nimeshaanza, acha nimalize, nikamwambia na habari ya kadi, kwamba nyimbo alizokuwa anasikiliza kaka siku zile mbili ni mimi niliyempa, na kwamba nilimwambia hahitaji tena kusikiliza salamu. Nilisema yote kwa pumzi moja.

Baba alinyoosha mkono, akakigusa kitochi mkononi mwangu. Kisha akasema, "Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwenye chai isiyonywewa, nikasimama. Akasubiri nimalize.

"Soma tena."

Nilimsomea mara tano au sita. Hakunisahihisha mahali popote, hata pale ambapo mama alimtanguliza shemeji wa Geita mbele ya mjomba. Kisha akaomba kitochi chake, akakirudisha mfukoni, akaingia ndani kulala, saa tano ya asubuhi.

Jioni kaka akatuma meseji kwenye simu yangu, maneno matatu: "Nimesikia. Nakuja kesho."

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Ningemwambia nini? Kwamba hakuitwa? Kwamba mzee hajabadilika, ni dada yako tu alichelewa kazini akatuma uchafu wa zamani? Nikapiga, hapatikani. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Haikwenda. Nikamfikiria amevaa shati lake zuri kwenye meli, moyo mweupe, anakuja kusamehewa na mtu ambaye hana habari, na huyo mtu yuko chumba cha pili amelala na kitochi kifuani. Na nikawaza kwamba baba akimfukuza mara hii, hakutakuwa na mara nyingine. Nilitamani niwapige wote wawili, na mimi nijipige.

Kesho yake baba hakuamuru salamu. Alikunywa chai yake akasema, "Leo hapana." Sikwenda kazini. Sikumwambia baba kwamba kaka anakuja, nilikosa ujasiri, na niliamua nitamwahi kaka njiani kabla hajafika nyumbani, nimweleze yote, achague mwenyewe. Mwanamke mzima nilisimama kule njia panda kwa fundi baiskeli toka saa sita, jua linawaka baada ya mvua, nadanganya kwamba nasubiri mzigo.

Na bado nikamkosa. Alishuka kituo cha nyuma, akapita njia ya mkato tuliyokuwa tukipita tukitoka shule. Nilimwona kwa mbali mgongo wake ukiingia getini, na mfuko wa samaki mkononi. Nikakimbia, kandambili moja ikabaki kwenye tope.

Nilipofika, kaka alikuwa amesimama chini ya kibaraza, hajapanda ngazi. Baba yuko kwenye benchi, kichwa kimeinama upande kama anavyofanya akitaka kusikia zaidi.

"Shikamoo, baba."

Kimya. Nilikuwa nahema, nikafungua mdomo niseme lile la kosa langu, baba akaninyamazisha kwa mkono bila kunitazama.

"Ulisikia redio jana," alisema.

"Nilisikia, baba."

"Ulisikia mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Na mama yako ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Nikaelewa pale pale, mguu mmoja peku. Usiku mzima nilihangaika jinsi ya kumwambia kaka kwamba ni makosa, na yeye alijua tangu mtangazaji hajafunga mdomo. Kwetu marehemu hasalimiwi. Hakuna mtu kwenye ukoo wetu asiyejua sheria ya baba. Kaka alimsikia mama akisalimiwa, akajua ile meseji ni ya kale na baba hajamwita, na akaenda kukata tiketi.

"Kwa hiyo ulijua si mimi niliyekutaja," baba alisema.

"Nilijua."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Kaka aliuweka chini mfuko wa samaki. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya injini kwenye mistari, hata baada ya kuoga kwa ajili ya safari.

"Baba, ile mara ya kwanza mama aliniita siku mbili, sikumsikia," alisema. "Hii nimemsikia."

Redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo. Baba alikaa akiyasikiliza, au sijui alikuwa anasikiliza nini, kisha akasema marahaba, taratibu sana, na akasogea upande mmoja wa benchi.